Picha mpya zisivishwe uzee wa uongo

Siku hizi arusi ya mjini, iwe ni Mombasa, Malindi au Lamu, haikamiliki bila ya picha za "kizamani". Bwana arusi husimamishwa mbele ya mlango wa nakshi, joho begani na jambia kiunoni, akaambiwa asicheke. Kisha picha ile huingizwa katika kompyuta, ikapakwa rangi ya kahawia, ikachanwa pembe, ikanyunyiziwa madoa na kukwaruzwa, hata ukiitazama utadhani kijana yule alikuwa akingoja kupewa uliwali. Kumbe alioa Ijumaa iliyopita, na chini ya joho amevaa raba.

Mimi sina ugomvi na bwana arusi huyo. Kupenda vya kale si kosa, na sisi watu wa pwani tuna haki ya kuvipenda kwa sababu tunavyo. Hata wapiga picha siwalaumu, kwani wanatafuta riziki yao na mteja ndiye aombaye. Lakini nimelitazama jambo hili likienea mwaka hadi mwaka, kutoka albamu za arusi hadi kalenda za ukutani, na kutoka kalenda hadi simu za mkononi, na naona wakati umefika wa kusema neno.

Neno lenyewe ni hili. Kuivisha picha mpya sura ya kale ni ufundi, na fundi ana uhuru wake. Lakini fundi huyo na ajue sura anayoiiga ilitokana na nini, na mtazamaji naye aambiwe kuwa ni kuiga. Mambo hayo mawili yakikosekana, ufundi hugeuka kughushi. Na watakaodanganywa si wateja wa leo, bali ni wajukuu wetu watakaofungua sanduku siku moja na kuuliza: Huyu alikuwa nani, na ilikuwa lini?

MAYAI NA DHAHABU

Tuanze na hiyo rangi ya kahawia ambayo kila mtu huililia.

Upigaji picha ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Picha za kwanza za Louis Daguerre zilikuwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, moja moja, wala hazikuweza kutolewa nakala. Haukupita muda mrefu ufundi huo ukafika kwetu, kwani katika safari ya Kapteni Charles Guillain, Mfaransa aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, zilipigwa picha za namna hiyo. Baadaye studio zikafunguliwa Unguja, na miongoni mwao ile ya A. C. Gomes, Mgoa, ilipata jina kubwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Picha nyingi za wakati ule zilisafishwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai, njia iliyobuniwa na Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850. Karatasi hupakwa ute uliotiwa chumvi, na ikisha kukauka hulazwa juu ya dawa ya fedha. Halafu hubanwa pamoja na kioo cha negativi na kuanikwa juani mpaka picha ijitokeze yenyewe. Mwisho huogeshwa katika dawa ya dhahabu ili rangi itulie na picha idumu. Kwa hivyo msomaji asishangae akiambiwa kuwa picha moja ya babu yake ilikula yai, fedha, dhahabu na jua.

Rangi ya kahawia Wazungu huiita sepia. Neno hilo asili yake ni jina la dome, yule wa baharini mwenye wino, kwa sababu wachoraji wa Ulaya walikuwa wakiutumia wino wake kuchorea. Lakini ndani ya picha hamna dome wala ngisi. Fundi wa zamani alipotaka picha ya fedha iishi miaka mingi, aliiogesha katika dawa yenye kiberiti, yaani ile salfa inukayo kama yai viza. Kiberiti kilishikamana na fedha kikaigeuza kuwa kitu kisichodhurika upesi na hewa, na kwa kufanya hivyo weusi ukawa kahawia.

Kahawia ile, basi, ilikuwa ni dawa. Ama manjano ya ute wa yai uliochakaa, weupe uliofifia, madoa ya ukungu na pembe zilizoliwa na mende, hayo ni maradhi, na sisi wa pwani tunayajua vyema kwa sababu unyevu na chumvi ya bahari haviachi kitu. Kitufe cha simu hakijui tofauti. Ukikibonyeza hukupa dawa na maradhi kwa pamoja, kama mtu aliyevishwa bandeji kichwani na kanzu ya Idi mwilini.

Wazee wetu hawakwenda studio ili watoke na madoa. Walivaa walichokuwa nacho kilicho bora, wakajitia udi, wakalipa fedha yao, na fundi akawakabidhi picha safi inayong'aa. Kinachotuvutia leo tukakiita uzuri wa kale ni uharibifu uliokuja baada yao. Anayetaka kuwaiga kwa kweli na aanze na usafi ule, si na uchakavu.

KISUTU CHEUSI

Jambo la pili wanalolisahau waigaji ni kwamba vioo vya picha vya zamani vilikuwa na upofu. Dawa iliyopakwa juu yake iliiona buluu, lakini nyekundu haikuiona kabisa. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kuwa dawa hiyo ikichanganywa na rangi maalumu huanza kuiona kijani. Vioo vilivyoona rangi zote vilianza kuuzwa na kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza mwaka 1906. Kabla ya hapo, na kwa mafundi wengi hata miaka mingi baada ya hapo, mbingu ya buluu ilitoka nyeupe kama karatasi, na kitu chekundu kilitoka cheusi.

Sasa fikiri juu ya kisutu. Hakuna mwanamke wa pwani asiyekijua: nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya bibi arusi. Mbele ya kioo cha namna ile wekundu wake wote humezwa na weusi, na nakshi zake nusu hupotea. Ngozi zetu nazo, kwa kuwa hudhurungi ina wekundu ndani yake, zilitoka nyeusi kuliko zilivyo, na macho na midomo ikazama gizani. Ukiona mzee katika picha ya kale anakutazama kwa uso mzito usio na nuru, usifanye haraka kusema alikuwa mtu wa huzuni. Huenda alikuwa mcheshi wa mtaa mzima, na uzito ule ni wa dawa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mitaa. Katika picha maarufu ya Daguerre ya mwaka 1838, barabara kubwa ya Paris inaonekana tupu, ila mtu mmoja aliyesimama akipigwa viatu rangi. Barabara haikuwa tupu. Magari ya farasi na wapita njia walikuwapo, lakini kamera ilichukua dakika kadhaa kuona, na kila aliyekuwa akitembea akatoweka. Basi anayeiga picha ya kale kwa kuondoa watu wote njiani, akadhani miji ya zamani ilikuwa kimya, anaiga udhaifu wa chombo na kuuita historia.

Siku hizi kumezuka pia programu za kutia rangi picha za kale zenyewe. Unaiingiza picha ya bibi yako, na kufumba na kufumbua inatoka ya rangi. Watu hulia kwa furaha, nami nawaelewa. Lakini mashine ile haikumbuki. Inakisia tu, kutokana na picha nyingi nyingine ilizofunzwa. Wekundu wa kisutu haukupata kuingia katika kioo, kwa hivyo haumo, na hakuna mashine iwezayo kuutoa. Itakipaka nguo hiyo weusi, na mjukuu ataapa mbele za watu kwamba bibi yake aliolewa na kaniki. Dada mkubwa wa ukoo, aliyesimuliwa na mamake, angeweza kusema kweli kwa neno moja, lau angeulizwa.

MKANDA HAUJAFA

Je, nasema tuache kuiga? Hata kidogo. Nasema tuige kwa ilmu.

Mwaka 2010 yalitokea mambo mawili yaliyokaribiana. Mwezi wa Oktoba Instagram ilianza kazi, ikiwa na vitufe vyake vya kubadili sura ya picha. Mwezi wa Desemba karakana ya mwisho duniani iliyokuwa ikisafisha mikanda ya Kodachrome, katika mji wa Parsons, jimbo la Kansas, Marekani, ilipokea mikanda yake ya mwisho. Kodachrome ilikuwa sokoni tangu 1935. Leo hata ukiuokota mkanda wake kabatini, hutapata karakana ya kukusafishia upate rangi zile. Anayezitaka hana budi kuziiga kwa kompyuta, na hana lawama.

Lakini mkanda wa nyeusi na nyeupe haujafa. Kodak na Ilford wangali wanautengeneza, na mwaka 2019 Ilford walianza kuuza kwa kamera za kawaida mkanda uitwao Ortho Plus, ambao hauioni nyekundu, kama ile dawa ya zamani. Kijana mwenye kamera ya babake iliyotupwa stoo anaweza kuanza na huo. Atapata ukale usiobandikwa. Zile chembechembe zionekanazo katika picha ya mkanda ndizo picha yenyewe, ni fedha iliyobakia baada ya kusafishwa. Chembe za kompyuta hunyunyizwa juu, kama mchanga juu ya mkeka. Tena mkanda una picha 36 tu, na kila moja ina gharama, kwa hivyo mpiga picha hujifunza kutazama kabla ya kubonyeza.

Asiyekuwa na mkanda naye ana njia ya haki. Picha ya dijitali imejengwa kwa tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Iambie kompyuta itupe mbili za kwanza, ibakize buluu peke yake, kisha iigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Papo hapo mbingu itakuwa nyeupe, kisutu kitakuwa cheusi na ngozi itakoza. Hapo umeiiga dawa ya karne ya 19 bila ya doa hata moja, na unaweza kumweleza mteja sababu ya kila unachokiona.

Na wenye watoto ninawapa hii ya tatu. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alibuni picha ya buluu, isiyotaka kamera wala chumba cha giza kikubwa. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa dawa mbili zenye chuma, kitu kikawekwa juu yake, ikaanikwa juani, kisha ikaoshwa kwa maji matupu. Palipofunikwa hubaki peupe, kwengineko huwa buluu ya bahari kuu. Mwaka uliofuata bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha picha kwa njia hiyo, nacho ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza duniani chenye picha za namna hii. Na alipiga picha ya nini? Ya mwani! Kule Kibuyuni mwani unalimwa na akina mama kila siku, jua tunalo la kumwaga, na bado hatujawaonyesha watoto wetu.

DUMU LA PLASTIKI

Sasa nifike penye uchungu wenyewe. Si muda mrefu ilinijia katika simu picha ya kahawia, imechakaa vizuri, na chini yake pameandikwa kuwa ni bandari ya Lamu mwaka 1890. Watu walikuwa wakitumiana kwa mashaallah nyingi. Nilipoikuza nikaona ndani ya mashua moja pana dumu la plastiki, na nyuma yake mashine ya kusukumia chombo. Hao wa 1890 walikuwa mbele sana!

Tunaweza kucheka, lakini hebu tufikiri. Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 2011. Panapozuka swali la nyumba fulani ilikuwaje, roshani yake ilitokeza wapi, baraza yake ilikuwa na urefu gani, miongoni mwa mashahidi wanaoitwa ni picha ya kale. Shahidi huyo akianza kughushiwa na vijana kwa mchezo, siku ya haja hatasadikiwa hata akisema kweli. Na wanaotaka kutuambia kuwa hatukuwa na kitu watafurahi.

Liko jingine zito zaidi, nalo ni la sitara. Enzi za ukoloni zilichapishwa postikadi za wanawake wa Unguja na pwani, wamepangwa na mpiga picha, wamevishwa na kuegemezwa, kisha zikauzwa kwa wasafiri. Chini yake huandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili. Hana jina, hana mtaa, hana baba. Hatujui kama aliridhia, wala kama alikuwa na uwezo wa kukataa. Leo nawaona mabinti wakitakiwa kuegemea mto vile vile, kwa pozi lile lile, picha ikapakwa uzee, na wanaona ni kuenzi mila. Binti yangu, mila unayoienzi hapo ni ya yule aliyekuwa nyuma ya kamera, na biashara yake.

Tena picha ya mwanamke ikishazeeshwa hupoteza ulinzi wake. Picha ya bibi arusi wa juzi watu huona haya kuisambaza, kwa sababu wanajua ana mume na ndugu. Lakini ikiwa ya kahawia na imechanika pembe, kila mtu huiona ni ya historia, marehemu asiye na mwenyewe, akaituma Mombasa hadi Maskati. Aliye hai amefanywa maiti, na haya ya watu imekufa naye. Familia zetu nyingi zilikuwa zikizifungia picha za wanawake sandukuni, na masheikh wetu wametofautiana juu ya picha kwa jumla. Lakini sijamsikia hata mmoja aliyesema kuwa kumvua mtu sitara kwa hila ni jambo dogo.

Atatokea mtu aseme kuwa pwani ilikuwa na hila za picha tangu zamani. Ni kweli, nami najivunia. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefungua studio yake katika miaka ya 1960, alikuwa bingwa wa kukata na kuunganisha picha mbalimbali zikawa moja, bila ya kompyuta yoyote. Katika studio ya N. V. Parekh, Mombasa, watu walijipamba na kukaa kama nyota wa sinema. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni katika miaka ya 1990 walikusimamisha mbele ya pazia lililopambwa, ukapata mandhari usiyopata kuitia machoni. Lakini ni nani aliyedanganyika? Aliyepigwa alijua, aliyepiga alijua, na aliyetumiwa picha alijua akacheka naye. Hila yao ilikuwa wazi kama kitendawili, na ndiyo iliyoifanya kuwa sanaa. Doa la kubandikwa haliko hivyo. Kazi yake ni kukufanya usijue.

AMANA

Nikiulizwa tufanye nini, nitajibu kwa mambo machache yasiyo na gharama.

Mpiga picha anayeivisha picha sura ya kale na aandike nyuma yake, au ndani ya faili lake, tarehe ya kweli na neno moja: imeigwa. Penseli ya shilingi chache yatosha. Mteja asipoandikiwa, na adai, kama anavyodai risiti. Picha asili ya rangi isifutwe, bali ihifadhiwe pamoja na ile iliyovishwa, ili siku ikitafutwa kweli ipatikane. Wazee wa mila na wanaofundisha kupiga picha wawaonye vijana wasitie mwaka wa uongo chini ya picha yoyote, hata kwa mzaha.

Na wale wenye picha za kale za kweli, ambazo zinaliwa na ukungu sandukuni wakati sisi tunalipa fedha kuziiga, na wafanye haraka. Watoe nakala yake kama ilivyo, na madoa yake, kabla ya mashine yoyote kuigusa. Akitaka kuisafisha au kuitia rangi, na aifanyie nakala, si ile ya asili. Kisha akae na mkubwa wa nyumba, aulize kila aliyemo jina lake, kisutu kilikuwa rangi gani, na nyumba ile ni ya mtaa upi, na aandike. Wajuao majibu hayo wanapungua kila mwezi, na kila tukimzika mmoja wao kuna picha inayobaki bubu.

Picha ya mtu ni amana. Iliwekwa mikononi mwetu na watu waliosimama mbele ya kamera wakiamini kuwa watatambuliwa. Kama kijana wangu anataka kuonekana kama babu yake, na aonekane, tena nitamkopesha joho. Ila nyuma ya picha na paandikwe mwaka wake yeye, si wa babu yake.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja nyingine na ailete, tuijadili.